UZI: Ndoa za jinsia moja Afrika Kusini, kuanzia kifungu cha 30 hadi dawati la Mambo ya Ndani

#1 Kalamu ya Sheria (mwanzisha uzi)

Wakuu, mjadala wa ndoa za jinsia moja ukianza humu haufiki ukurasa wa pili kabla ya matusi. Wanaounga mkono wanataja Afrika Kusini, wanaopinga nao wanaitaja, na wengi hawajui kilichotokea pale. Mmoja anasema Mandela aliruhusu, mwingine anasema Wazungu walilazimisha. Yote mawili si kweli. Naweka mtiririko wa sheria yenyewe, halafu tubishane juu ya kitu tunachokifahamu.

Sheria ya Ndoa Na. 25 ya 1961 haikuwa na kifungu kinachosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kizuizi kilikaa sehemu mbili. Ya kwanza ni kanuni za zamani zilizojengwa na mahakama, zisizotungwa na Bunge, zilizotafsiri ndoa kuwa ya mume na mke. Ya pili ni kifungu cha 30(1), yale maneno ambayo mfungishaji ndoa lazima amuulize kila mmoja: je, unatamka kwamba kwa kadiri ujuavyo hakuna kizuizi cha kisheria, na unawaita wote waliopo washuhudie kuwa unamchukua fulani awe "mke wako (au mume wako)" halali? Mfungishaji hana ruhusa ya kubadili hapo. Ikiwa mbele yake wamesimama wanawake wawili, swali halitamkiki.

Sasa Katiba ya 1996, ibara ya 9(3), inakataza ubaguzi na imetaja mwelekeo wa mapenzi kwa jina kabisa, pamoja na rangi, jinsia na dini. Kutokana na ibara hiyo kesi zilikwenda kidogo kidogo. Mwaka 1998 kosa la jinai la kulawitiana kwa hiari likafutwa. Mwaka 1999 mwenza wa kigeni akaruhusiwa kukaa nchini. Mwaka 2002 mwenza wa jaji akapata haki ya mafao, na mwaka huohuo wapenzi wa jinsia moja wakaruhusiwa kuasili mtoto kwa pamoja. Ukiangalia vizuri, kufikia 2003 karibu matunda yote ya ndoa yalikuwa yameshachumwa moja moja mahakamani. Kilichobaki ni mti wenyewe.

Marié Fourie na Cecelia Bonthuys walishindwa Mahakama Kuu ya Pretoria mwaka 2002. Tarehe 30 Novemba 2004 wakashinda Mahakama ya Rufani: Jaji Edwin Cameron, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alipanua ile tafsiri ya zamani iwe muungano wa watu wawili. Lakini hawakuweza kufunga ndoa! Kesi yao haikugusa kifungu cha 30, kwa hiyo maneno ya kiapo yalibaki vilevile. Walitoka mahakamani na ushindi ambao hakuna ofisa wa serikali aliyeweza kuutamka. Hapo ndipo napenda tuanzie, kwa sababu haki kwenye hukumu na haki kwenye dawati ni vitu viwili.

#2 Mtaa wa Pili

Asante mkuu, hii ya kiapo sikuijua. Sasa kesi ilipofika Mahakama ya Katiba, kwa nini mahakama ililipa Bunge mwaka mzima wa kurekebisha sheria? Kama ni haki, si itolewe siku hiyohiyo?

#3 Kalamu ya Sheria

Swali zuri, na ndilo jambo pekee lililowagawa majaji. Hukumu ilitoka 1 Desemba 2005, ikaandikwa na Jaji Albie Sachs. Wote walikubaliana kwamba kuwatenga watu hawa na ndoa ni kinyume cha Katiba. Jaji Kate O'Regan peke yake alitaka marekebisho yaanze papo hapo. Wengine walilipa Bunge miezi 12, kwa hoja kwamba haki iliyopitishwa na wawakilishi wa wananchi itasimama imara zaidi kuliko iliyoandikwa na majaji peke yao.

Lakini waliweka mtego wa muda. Bunge likikaa kimya hadi 1 Desemba 2006, kifungu cha 30(1) kingejisahihisha chenyewe: baada ya neno "mume" yangeongezwa maneno "au mwenza". Basi. Kwa hiyo kukawia kusingewasaidia wapinzani chochote.

Mahakama iliweka pia mpaka ambao watu wengi hawautaji: Bunge lisije na kitu cha pembeni chenye faida zilezile lakini hadhi ya chini. Nchi ile ilitoka kwenye Sheria ya 1949 iliyokataza ndoa kati ya Wazungu na wasio Wazungu, ambayo ilifutwa 1985 tu. Neno "tofauti lakini sawa" wanalijua kwa maumivu, na ni maumivu yaliyoandikwa kwenye vyeti.

#4 Mwana wa Mihrabu

Nimesoma kwa makini na nashukuru kwa utaratibu. Mimi napinga ndoa hizi kwa msingi wa dini yangu na sifichi. Ila naomba niweke upande ambao ndugu yetu hakuugusa.

Muswada wa kwanza wa 2006 ulikuja na "ushirika wa kiraia" tu, bila jina la ndoa. Bunge likapeleka vikao vya maoni katika majimbo yote tisa, na waliojitokeza kupinga walikuwa wengi: makanisa, Waislamu, machifu. Chama cha Kikristo cha ACDP, cha Kenneth Meshoe, kilipinga hadi mwisho. Pamoja na hayo, siku ya kura, 14 Novemba 2006, chama tawala kiliwataka wabunge wake wapige kura kwa msimamo wa chama. Sheria ya Muungano wa Kiraia, sasa ikiwa na jina la ndoa ndani yake, ilipita kwa kura zaidi ya 220 dhidi ya 41. Kwa hiyo anayesema wananchi waliamua, mimi simwelewi. Wananchi walisikilizwa, lakini kura ikaenda kwa amri ya chama.

Na jambo linaloniuma zaidi: kifungu cha 6 cha sheria hiyo kilimpa mfungishaji ndoa wa serikali nafasi ya kumwandikia Waziri kwamba dhamiri, dini au imani yake haimruhusu kufungisha ndoa za jinsia moja, na asilazimishwe. Hiyo ilikuwa ahadi kwa watu kama sisi. Mwaka 2020 wakaifuta. Sasa nikiambiwa kesho kwamba mashehe na mapadri hawataguswa, niamini kwa lipi?

#5 Dawati la Ndoa

Ustaadh, hoja yako ya kifungu cha 6 ni nzito, tuiangalie ilivyofanya kazi.

Ofisa wa kifungu cha 6 si shehe wala padri. Ni mtumishi wa umma anayekaa kwenye ofisi ya Mambo ya Ndani. Aliandika barua, akasamehewa, na sheria haikusema ofisi hiyo ifanye nini baada ya hapo. Mamia ya maofisa walichukua msamaha huo. Matokeo yake, katika miji midogo ofisi nzima ilikosa mtu. Wenza walifika na vitambulisho na mashahidi wao, wakaambiwa waende mji mwingine, kilomita nyingi, mashahidi wawili nao wasafiri. Mbunge Deidre Carter wa chama cha upinzani cha COPE alileta muswada binafsi wa kukifuta, Rais Ramaphosa akausaini Oktoba 2020, na sheria ikaweka kipindi cha mpito cha miezi 24 ili ofisi zijipange.

Dini iko kifungu cha 5, na hicho hakikuguswa. Dhehebu linalotaka kufungisha miungano hii ndilo linaloomba kwa maandishi kwa Waziri, kisha kiongozi wake mmoja mmoja naye anaomba. Lisiloomba halimo. Hakuna imamu aliyewahi kuingizwa kwa nguvu, kwa sababu mlango unafunguliwa kutoka ndani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi: anayelipwa kwa kodi ya wote, na anayetumikia waumini wake.

#6 Mwana wa Mihrabu

Tofauti hiyo naikubali kisheria. Ila mtumishi wa umma naye ana Mungu wake. Kulikuwa na njia ya kati: kila ofisi iwe na angalau ofisa mmoja asiye na pingamizi, na wenye dhamiri wabaki na msamaha wao. Walichagua kufuta. Kwangu hilo ni kosa, na nitaendelea kusema ni kosa.

#7 Kalamu ya Sheria

Njia hiyo ilijadiliwa na si ya kipuuzi. Naheshimu ulivyoiweka. Shida yake ni likizo, ugonjwa na uhamisho. Ofisi yenye maofisa wawili, mmoja ana msamaha na mwingine ameenda likizo ya uzazi: wenza wasubiri miezi mitatu? Haki inayotegemea ratiba ya mtu mmoja huyumba.

Makanisa yenyewe yamepambana ndani kwa ndani, si kwa kusukumwa na serikali. Kanisa la NG, lile la Waafrikana (Wazungu wenye asili ya Kiholanzi), lilipitisha mwaka 2015 uamuzi wa kuwakubali wenza wa jinsia moja, likaugeuza 2016, na Mahakama Kuu ya Pretoria ikaubatilisha ule wa 2016 mwezi Machi 2019 baada ya waumini wenyewe kushtaki. Kwa Wamethodisti, mchungaji Ecclesia de Lange alisimamishwa alipotangaza kwamba angeoana na mwanamke mwenzake. Alifika hadi Mahakama ya Katiba mwaka 2015 na akashindwa, kwa kuwa alitakiwa kwanza amalize usuluhishi wa ndani ya kanisa. Kwa hiyo mahakama hazijawa rungu la upande mmoja.

#8 Mtaa wa Pili

Naomba hatua zenyewe. Mtu akitaka kufunga leo Johannesburg, anafanyaje? Na mgeni je?

#9 Dawati la Ndoa

Sheria ni Na. 17 ya 2006, Sheria ya Muungano wa Kiraia. Ilisainiwa 29 Novemba 2006 na Phumzile Mlambo-Ngcuka akikaimu urais, ikaanza 30 Novemba, siku moja kabla ya ule mtego wa mahakama kufyatuka. Wenza wachague jina: "ndoa" au "ushirika wa kiraia". Athari za kisheria ni zilezile, ni jina tu. Mwanamume na mwanamke nao wanaweza kuitumia sheria hii, na wapo wanaofanya hivyo.

Wote wawili wawe na miaka 18 au zaidi. Asiwepo aliye kwenye ndoa nyingine ya aina yoyote, hata ya kimila. Ni watu wawili tu, hakuna uke wenza hapa. Aliyeachika aende na hati ya talaka, mjane aende na cheti cha kifo. Mwenyeji atoe kitambulisho. Mgeni atoe pasipoti na barua kutoka nchi yake inayothibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa, na ajiandae kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ndoa za kutafuta makaratasi zipo nyingi. Wanakaa vyumba tofauti na kuulizwa vitu vya nyumbani. Majibu yakigongana, tarehe inasogezwa.

Wekeni miadi mapema. Siku yenyewe, kifungu cha 10 kinataka ofisi ya umma, nyumba ya mtu au jengo linalotumika kwa shughuli hizo, na milango iwe wazi. Wenza wawepo wenyewe, huwezi kutuma wakili. Mashahidi wawili watu wazima. Ofisa anauliza kwanza mmechagua jina gani, kisha anasoma tamko. Pale palipokuwa na "mke au mume" sasa pana "mwenza" halali. Wanapeana mkono wa kulia. Wanasaini daftari wao, mashahidi na ofisa.

Kosa kubwa la watu liko kabla ya hapo, kwenye mali. Ukifunga bila mkataba, moja kwa moja mali zenu na madeni yenu vinakuwa kapu moja. Mwenza akiwa na deni la biashara, mdai anagonga kwenu wote. Anayetaka kutenganisha lazima asaini mkataba wa kabla ya ndoa mbele ya notari (mwanasheria wa kuthibitisha hati) KABLA ya kiapo, na mkataba uandikishwe kwenye ofisi ya hatimiliki ndani ya miezi mitatu tangu kusainiwa. Mkiamka baada ya harusi, njia ni kuomba Mahakama Kuu wote wawili chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Mali za Ndoa ya 1984, na kuwataarifu wadai wote na kutangaza gazetini. Ni ghali na inachosha. Na mkisaini mkataba, hakikisheni mnajua kama mmeukubali au mmeuondoa mfumo wa kugawana chumo. Usipotajwa, umo. Kwa mfumo huo kila mtu ana mali yake mkiwa pamoja, na mkiachana kinachogawanywa ni ongezeko la mali tu.

Jambo la mwisho ambalo watu wanalisahau: rudini baada ya wiki kadhaa kuhakiki kwamba ndoa imeingizwa kwenye daftari la taifa la watu. Karatasi mkononi na jina kwenye mfumo havilingani kila mara, na hitilafu hiyo hujitokeza wakati mbaya, mwenza akiwa hospitali au amefariki. Ombeni pia cheti kirefu, kile kifupi hakitoshi ubalozini.

#10 Nyayo za Tarime

Naona hoja moja haijaletwa na najua itakuja: kwamba Waafrika tulikuwa nayo tangu zamani, mfano nyumba ntobhu ya Wakurya, au ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa Wanandi. Naomba tusichanganye. Nyumba ntobhu ni utaratibu wa mji na urithi. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anatoa ng'ombe wa mahari, anamleta binti, binti anazaa na mwanamume aliyekubalika, watoto wanakuwa wa mji ule. Hakuna tendo la ndoa kati ya wanawake hao.

Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011, kesi ya Monica Jesang Katam, Jaji Ojwang alimkubalia mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa mila ya Kinandi arithi. Alitumia mila na haki za utamaduni. Anayeitaja kesi hiyo kama ndoa ya wapenzi wa jinsia moja anawakosea mabibi wale.

Kinachofaa kujifunza hapo ni kidogo lakini ni cha kweli: "mume" kwa mila zetu ni cheo katika mji, na kiliweza kushikwa na mwanamke. Asiseme mtu kwamba neno hilo halijawahi kupinda.

#11 Wakili wa Pwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Nyongeza yangu ni kwa wale wanaodhani kesi ya Fourie inaweza kunakiliwa huku. Haiwezi, na sababu iko kwenye maandishi.

Afrika Kusini, Katiba ilitaja mwelekeo wa mapenzi na haikufafanua ndoa. Kenya ni kinyume. Ibara ya 45(2) ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 imefuata hapo. Uganda waliingiza ibara ya 31(2a) mwaka 2005: ndoa za jinsia moja zimekatazwa. Congo ya Kinshasa, ibara ya 40 inasema jinsia tofauti. Burundi imekataza kwenye Katiba pia. Tanzania imeweka kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 9: muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Huwezi kumwomba jaji afute Katiba kwa kutumia Katiba hiyohiyo.

Kwa hiyo tunaposoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Kenya ya 24 Februari 2023, tusiivute. Majaji watatu dhidi ya wawili walisema Bodi ya Uratibu wa Mashirika ilikosea kukataa kuandikisha shirika la kutetea mashoga na wasagaji, na kwamba neno "jinsia" katika ibara ya 27(4) linahusu pia mwelekeo wa mapenzi. Haikuruhusu ndoa, na haikufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja, ambavyo Mahakama Kuu ilivibakiza Mei 2019. Mtu anaweza kuandikisha shirika asubuhi na kukamatwa jioni. Hali hiyo inanisikitisha, lakini ndiyo sheria ilivyo.

Mfano wa karibu zaidi kisheria ni Namibia. Mei 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa iliyofungwa kihalali Afrika Kusini itambuliwe kwa ajili ya uhamiaji. Bunge likajibu kwa sheria mpya ya ndoa inayosema jinsia tofauti, iliyosainiwa 2024. Mahakama ilifungua, Bunge likafunga.

#12 Mtaa wa Pili

Basi Mtanzania aliyefunga kule, cheti chake kina maana gani akirudi? Na mwenzake akifariki?

#13 Wakili wa Pwani

Tanzania hakina maana yoyote ya ndoa, na tahadhari kubwa ni kwamba kinaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Tanzania Bara, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kulawitiana, kinafikia kifungo cha maisha. Hata ile barua ya kutokuwa na kizuizi inaombwa nyumbani: isome fomu kwanza, ikiwa inataka jina la mwenza, fikiri kabla hujajaza.

#14 Dawati la Ndoa

Kwa upande wa Afrika Kusini, mwenza aliyefunga anarithi kama mjane yeyote. Marehemu asipoacha wosia wala mtoto, mwenza anachukua yote. Akiwepo mtoto, mwenza anapata fungu sawa na la mtoto au randi 250,000, lililo kubwa.

Wasiofunga nao wana ulinzi, na historia yake ni ya uchungu. Katika Gory dhidi ya Kolver, Novemba 2006, mahakama ilisema mwenza wa kudumu wa jinsia moja anarithi hata bila ndoa, kwa kuwa wakati huo ndoa ilikuwa imekatazwa. Je, baada ya sheria kupita ulinzi huo ulikoma? Ndiyo kesi ya Laubscher dhidi ya Duplan, 2016. Mwanamume amefariki bila wosia, upande mmoja kaka yake, upande wa pili mwenza aliyeishi naye miaka mingi bila kufunga. Mahakama ya Katiba ikampa mwenza. Wenza wa jinsia moja wakaendelea kuwa na haki ambayo mwanamume na mwanamke wanaoishi bila ndoa hawakuwa nayo, hadi kesi ya Bwanya, 31 Desemba 2021, ikawapa na wao. Kwa hiyo kina mama wengi wa kawaida wa Afrika Kusini leo wanalindwa na mlango uliofunguliwa na kesi za mashoga.

Ila mwenye mali nchi mbili asitegemee kesi. Kiwanja cha Kigamboni kitafuata sheria ya Tanzania, hata kama mwenye nacho amefia Cape Town, na ndugu ndio watakaoitwa kwenye kikao cha ukoo. Aandike wosia unaomtaja mtu kwa jina na namba ya kitambulisho, bila neno mume wala mke. Wosia wa Afrika Kusini usainiwe kila ukurasa na mwenye wosia mbele ya mashahidi wawili waliopo kwa pamoja, wenye miaka 14 au zaidi, na mwenza anayeachiwa mali asiwe mmoja wao wala asiwe ndiye aliyeuandika kwa mkono wake, maana hapo ndipo sehemu yake inapotenguliwa.